Barua ya wazi kwa wasimamizi wa hifadhi, filamu na utangazaji: watoto wa Mugumu nao ni watazamaji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari na sanaa. Kamishna wa Uhifadhi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Na Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania.

Waheshimiwa, pokeeni salamu zangu za heshima.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari hapa Mugumu, wilayani Serengeti, mkoani Mara. Wanafunzi wangu wengi wanatoka vijiji vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba. Wanatofautisha nyayo za fisi na za mbwa, wanajua nyumbu hupita lini, na wapo waliolelewa na mabibi ambao makaburi ya wazazi wao yako ndani ya hifadhi. Nawaandikia kuhusu vipindi vya televisheni na maandishi yanayohusu wanyamapori wa nchi hii. Kazi hiyo kubwa inafanyika juu ya ardhi yetu, lakini inawapita watoto hawa pembeni. Ninaamini mna uwezo wa kulirekebisha hilo, na sehemu kubwa ya marekebisho hayo haihitaji fedha nyingi.

Nianze kwa kushukuru panapostahili. TBC ilipoanzisha chaneli ya Tanzania Safari mwaka 2018, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, na bado nafurahi kwamba ipo. Ila kipindi cha kumshawishi mtalii aje kina kazi yake, na kipindi cha kumwelimisha mwananchi kina kazi nyingine. Cha kwanza tunacho tele katika nchi hii: gari la watalii limefunguliwa paa, hoteli ina bwawa la kuogelea, mtangazaji anasema mandhari ni ya kupendeza mno, simba amelala, jua linazama. Cha pili ndicho ninachokililia.

Nao wageni wana vipindi vyao, vizuri kwa macho kuliko vyetu, na havina nafasi yetu. Mtindo huo ulianza zamani. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliokuja kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia. Michael alifariki Januari mwaka huohuo baada ya ndege kugongana na tai. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na majivu ya baba yake, aliyefariki mwaka 1987, yako hapohapo. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuifanya Serengeti ijulikane dunia nzima. Siibezi hata kidogo. Bila watu kama hao pengine leo ningekuwa nafundisha habari za nyumbu kwa kutumia michoro tu. Lakini Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa isikae mtu yeyote, hata mwenyeji, na imani hiyo iliingia kwenye kamera. Wakati filamu inaoneshwa Ulaya, Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Ngorongoro. Huku magharibi nako, wazee wa Ikoma na Nata mpaka leo wanawatajia wajukuu mahame ya babu zao yaliyobaki upande wa pili wa mpaka. Tangu hapo kila anayekuja na kamera huitafuta nchi isiyo na watu, na asipoipata hugeuza lenzi mpaka aipate.

Mtasema hilo ni suala la hisia. Hapana, ni suala la elimu, na nitaonesha kwa mfano mmoja ambao naomba mnivumilie nikiueleza kwa kirefu.

Kila mwaka tunaoneshwa nyumbu wakivuka mto Mara. Vumbi, mamba, muziki mzito, ndama anasombwa na maji. Mwanafunzi wangu yeyote atakueleza kwamba nyumbu huliwa na mamba. Ukimuuliza kwa nini nyumbu ni wengi kiasi kile, zaidi ya milioni moja, atakaa kimya. Jibu liko kwenye zizi la babu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, ugonjwa wa kirusi unaoua ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia Afrika kupitia Pembe ya Afrika, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafika kwetu. Iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha. Wafugaji wakafa njaa, malisho yakageuka vichaka. Kwa miongo mingi baadaye ugonjwa uliendelea kurudi na kuua nyumbu wachanga wanapomaliza kinga waliyopewa na maziwa ya mama. Kisha ng'ombe wanaoizunguka Serengeti wakaanza kuchanjwa. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo bora zaidi, ambayo hatimaye ilitumika duniani kote. Kirusi kilipokosa ng'ombe wa kukihifadhi, kikatoweka hata kwa wanyamapori. Nyumbu ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000 walifika takribani 1,300,000 ifikapo mwaka 1977. Walipoongezeka walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa chakula cha moto wa kiangazi. Moto ukapungua, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kuwa miti. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa.

Tafakarini habari hiyo ingekuwa kipindi. Msafara ule unaowatoa watu Tokyo na Texas kuja kuushuhudia umefika ukubwa wake kwa sababu wafugaji walikubali kuswaga ng'ombe wao kwenda kuchomwa sindano. Wazee waliowashika ng'ombe hao pembe wakiwa vijana baadhi yao bado wapo, na wanasimulia vizuri kuliko mtangazaji yeyote wa kulipwa. Hatujawarekodi. Kila mwaka tunazika wachache wao.

Na uhusiano huo una upande wake mchungu, ambao pia ni elimu. Mmasai anayeondoa ng'ombe wake kwenye tambarare za nyasi fupi nyumbu wanapozaa, kati ya Januari na Machi, anajua kwamba ndama wa nyumbu wanabeba ugonjwa usioonekana kwao lakini unaoua ng'ombe. Daktari wa mifugo atakueleza kirusi chenyewe. Mfugaji aliugundua mwenendo wake kabla ya hadubini. Kipindi kimoja chenye watu hao wawili wakiwa wamekaa chini ya mti mmoja kingefundisha sayansi kuliko mihula yangu miwili.

Nimtaje na fisi, kwa sababu mnyama huyu ananiuma. Katika hadithi zetu ni mlafi na mjinga, na vipindi vya wageni vimemwongezea wizi: simba anawinda, fisi ananyemelea makombo. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk alikesha na fisi wa Ngorongoro akaona mambo ni kinyume. Fisi wa pale walikuwa wakiua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, usiku, na mara nyingi simba ndio waliokuja kuwapora. Mtalii aliyefika asubuhi alimkuta simba juu ya mzoga na fisi wakizunguka, akahitimisha anavyojua. Ugunduzi huo ulifanyika Tanzania, na leo una zaidi ya nusu karne. Wanafunzi wangu wanausikia kwangu mara ya kwanza, na wengine hawaniamini mpaka niwaapie.

Sasa Gombe, hifadhi ya sokwe mkoani Kigoma. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Kigoma mwaka 1960, na dunia inamjua kwa haki. Wangapi kati yetu wanamjua Hilali Matama? Januari 1974 yeye ndiye aliyeshuhudia kundi la sokwe dume likimvamia sokwe wa kundi jirani, shambulio lililoifungulia dunia habari ya vita vya sokwe. Mwaka 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne waliokuwa Gombe, wageni wakaondoka, na wengi walidhani utafiti umekwisha. Haukufa. Vijana wa vijiji vya kando ya ziwa waliendelea kupanda vile vilima kila kulipokucha, wakiwafuata sokwe mmoja mmoja na kuandika walichokiona. Waliandika kwa Kiswahili. Nani kamkuna nani, nani kala nini, nani kalala na mtoto wake kwenye mti gani. Maandishi hayo ndiyo yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kuzaa tafiti zinazosomwa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani.

Waheshimiwa, tunalalamika kwamba Kiswahili hakina maandishi ya maumbile, ilhali kuna lundo la daftari za aina hiyo zilizoandikwa na wenyeji wa Kigoma kwa miongo mingi. Ombi langu la kwanza ni hili: kaeni na wanaozihifadhi, mteue kurasa, mzichapishe kitabu kimoja cha bei ya mwanafunzi, na majina ya walioziandika yawe kwenye jalada. Zisomwe pia redioni, kwa sauti za waandishi wenyewe walio hai. Redio inafika kijijini kwetu hata umeme ukikatika.

Mifano mingine nitaipitia haraka, kwa kuwa ninyi mnaijua kuliko mimi. Yupo chura wa Kihansi, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1999, anayezaa vyura wadogo kamili badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye hekta chache za rasharasha za maporomoko, na baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme na maradhi ya ukungu kumpiga, mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Akafugwa Marekani, akarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 akarejeshwa bondeni kwake. Yupo kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Udzungwa, aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005 baada ya watafiti kuwasikiliza wawindaji wa Kinyakyusa waliokuwa wakimtaja siku zote. Yupo popo wa Pemba, ambaye vijiji vyenyewe vilimwokoa. Yupo silikanti, samaki wa kale, anayenaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga. Kila mmoja ana ndani yake umeme, mkulima, mvuvi, chuo kikuu, uamuzi mgumu wa Serikali. Ni habari za nchi, si za wanyama peke yao.

Mtaniuliza kama wananchi watatazama. Nendeni kwenye banda umiza lolote. Kwa miaka mingi watu wetu wamelipa kiingilio kuona filamu za Kichina na Kimarekani kwa sababu tu kuna mtu kashika maiki, anawasimulia kwa Kiswahili chenye chumvi. Lufufu alijipatia jina nchi nzima kwa kazi hiyo. Hadhira ipo, na imeonesha kwamba ikipewa msimulizi wake, picha ya mbali inakuwa ya kwake.

Sisi tulijaribu shuleni. Tuliazima projekta, tukazima sauti ya Kiingereza ya kipindi kimoja cha simba, tukampa nafasi askari wa hifadhi mstaafu anayeishi jirani. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Simba jike alipogeuza uso, alituomba tusimamishe picha, akaenda hadi kwenye ukuta na kuweka kidole pale masharubu yanapoota. "Angalieni haya madoa, wajukuu. Yahesabuni upande huu, kisha upande ule. Hakuna simba wawili wenye mpangilio sawa. Sisi tuliwatambua hivi." Watoto wa nyuma walisimama juu ya madawati. Kwa wiki kadhaa baadaye walikuwa wakichora nyuso za simba kwenye majalada ya madaftari na kubishana kuhusu madoa. Utambuzi wa simba kwa madoa ya masharubu ni kazi ya kisayansi iliyofanyika Serengeti kwa miongo. Ilihitaji mzee mmoja na Kiswahili chake kufika darasani.

Jioni hiyohiyo, tembo walipopita kwenye picha, binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, hawa tembo wa kwenye video hawaji shambani?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Msimu wa mahindi, kuna asubuhi ninazowakuta wanafunzi wamelaza vichwa mezani, macho mekundu, nguo zinanuka moshi. Wamekesha kwenye dungu na baba zao, wakipiga madebe na kumulika tochi. Wanachoma matofali ya kinyesi na pilipili. Kuna familia zinazosubiri kifuta jasho baada ya shamba la mwaka mzima kulala chini usiku mmoja, na zipo zilizosubiri kifuta machozi kwa sababu aliyekwenda kulinda hakurudi. Tembo huyu haonekani kwenye televisheni. Anaoneshwa yule anayeoga mtoni na mtoto wake.

Msinielewe vibaya, nampenda tembo, na nawafundisha watoto kumpenda. Hesabu ya mwaka 2009 ilionesha nchi ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Ya mwaka 2014 ilionesha kama 43,000. Wale waliopotea waliuawa na ujangili, na ujangili hukomeshwa pale ambapo mwanakijiji aliyeona gari geni usiku anapiga simu. Atapiga simu kwa ajili ya nani, kama kila simulizi ya tembo inamtaja yeye kama jangili au haimtaji kabisa? Tengenezeni kipindi kinachokesha naye kwenye dungu. Kioneshe uzio wa mizinga ya nyuki, wapi umefaulu na wapi umeshindikana, pilipili ikichanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba, afisa wanyamapori wa wilaya mwenye gari moja na vijiji vingi. Kioneshe na tembo mwenyewe: kwa nini anapenda mahindi yaliyokomaa, kwa nini wanaovamia mara nyingi ni madume, njia zake za zamani zilipita wapi kabla hatujalima. Atakayetazama hatapungukiwa na mapenzi kwa tembo.

Nagusia na uaminifu. Watazamaji wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya sauti za vipindi hivi, mtafuno wa nyasi, kishindo cha miguu, hutengenezwa studio, kwa kuwa lenzi huona mbali kuliko kipaza sauti kinavyosikia. Mwaka 2011 Waingereza walilumbana sana ilipobainika kwamba picha za vitoto vya dubu mweupe ndani ya pango katika kipindi chao maarufu zilipigwa kwenye bustani ya wanyama ya Ulaya. Sisi tunapoanza, tuanze na kanuni iliyo wazi: kilichopigwa porini kisemwe, kilichopangwa kisemwe, na mwanasayansi akague maelezo kabla ya kurushwa. Wanafunzi wangu wanaamini wanachokiona.

Kuhusu magazeti nitakuwa mfupi. Habari za wanyamapori tunazosoma ni za aina mbili: mnyama kaua mtu, au kiongozi kazindua mradi. Kati ya hizo mbili kuna mwaka mzima wa nyika ambao hakuna anayeuandika. Klabu za Malihai, zile klabu za wanafunzi za uhifadhi, zipo mashuleni tangu mwaka 1980. Zipewe gazeti la Kiswahili la kuandikia wao wenyewe, hata likiwa la kurasa nane kila muhula, na mhariri anayejua ndege na miti. Waandishi wa maumbile wa kesho watatoka humo.

Sasa niseme ninachoomba kila mmoja wenu akifanye.

Bodi ya Filamu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalimtaka mtayarishaji wa nje anayepiga picha nchini akabidhi picha zote alizopiga pamoja na nakala ya kazi iliyokamilika, na airuhusu Serikali kuzitumia kuitangaza nchi. Ni wazo zuri. Tunaomba wananchi waelezwe ni picha zipi zimepokelewa, zimehifadhiwa wapi, na shule inaweza kuziombaje. Na kwa vibali vijavyo, liongezwe sharti kwamba kazi iliyokamilika iwe na toleo la Kiswahili lililoandikwa na Mtanzania anayelijua eneo husika. Kampuni inayoweza kukodi helikopta kwa ajili ya nyumbu haitashindwa kumlipa msimulizi mmoja.

TANAPA, waandishi na waongozaji wetu wachanga wanashindwa kuingia porini kwa gharama za kamera, magari na tozo. Tengeni nafasi za kila mwaka kwa ajili yao, na kila kundi lifuatane na askari au mtafiti Mtanzania atakayetajwa kama mtaalamu wa kipindi, kwa jina lake na kwa malipo.

TBC, tunaomba saa moja kwa wiki, jioni watoto wakiwa nyumbani, ya kipindi cha maumbile kwa Kiswahili, kisichouza hoteli wala tiketi. Jirani zetu Kenya wameonesha njia: Dkt. Paula Kahumbu alianzisha mwaka 2019 kipindi cha Wildlife Warriors, na Wakenya wakawaona watafiti na walinzi wao wakisimulia kazi zao wenyewe. Cha kwetu kiwe cha Kiswahili tangu kwenye kuandikwa.

Na Wizara zote mbili: msipime vipindi hivi kwa idadi ya watalii vitakavyoleta.

Nyumbu hupita upande wetu wa Ikoma na Grumeti kati ya Mei na Julai. Kikundi kidogo cha TBC kikija kipindi hicho, shule yetu ina ukumbi, ina wanafunzi wenye maswali, na wazee wa Robanda na Nata nimeshazungumza nao; wako tayari kusimulia. Askari mstaafu yule ameniambia nimwite hata kwa taarifa ya siku moja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
Mugumu, Wilaya ya Serengeti.